Nani Akae Upande A? Kelele Zetu, Gitaa Zao na Chemirocha

Wasee, mwezi huu nimekosana na binamu yangu juu ya nyimbo nne, na nataka niwaeleze kwa nini, kwa sababu ugomvi wenyewe umenifundisha kitu.

Mimi hupiga besi kwenye bendi ya wasichana watatu. Yeye hupiga gitaa kwenye bendi ya wanaume wanne. Sote tunafanyia mazoezi kwenye gereji moja Litein, jioni, mafundi wakishafunga kazi na kunawa mikono kwa petroli. Tunasukuma jeki kando, tunafunika oili iliyomwagika kwa katoni, halafu tunawasha. Amplifaya moja ni ya binamu. Mamake alimsaidia kuinunua bonasi ya majani chai ilipoingia. Hiyo amplifaya tumeikumbushwa mara nyingi, msijali.

Basi tukaamua kutoa rekodi moja ya kugawana. Nyimbo mbili zao, nyimbo mbili zetu. Wazo hilo si letu. Bendi za roki zisizo na pesa zimefanya hivyo miaka mingi: santuri moja, bendi mbili, kila mmoja na upande wake, gharama nusu kwa nusu, na mashabiki wa huyu wanajikuta wanasikiliza yule. Sisi hatuna santuri, tuko na mtandao tu. Lakini hata mtandaoni kuna upande A. Ni ule wimbo unaotangulia, kwa sababu wewe na mimi tunajua kwamba watu wengi hubonyeza wa kwanza, husikiliza nusu dakika, kisha hao, wameenda.

Sasa nani atangulie?

Nyimbo zao ni ndefu. Gitaa zinaongea polepole, moja inauliza na nyingine inajibu, unaweza kusikia ndani yake zile nyimbo za Kikalenjin za wazee zinazopigwa kwenye matatu za Bomet asubuhi. Wimbo wao mmoja unahusu shamba la babu, mwingine unahusu kazi ya kuchuna chai na mashine zilizokuja kuchukua hiyo kazi. Ni nyimbo nzuri. Nasema hivyo bila kulazimishwa.

Zetu ni fupi. Dakika mbili, kodi tatu, kelele, mmoja anaimba na wawili wanamjibu kwa kupiga mayowe. Ule tunaoupenda zaidi unamhusu jamaa mmoja aliyerudi nyumbani likizo akiwa na viatu vyeupe na lafudhi mpya, akataka kutufundisha jinsi ya kucheza densi. Tunamwambia acheze basi, aruke, aruke tena, tuone hivyo viatu kwenye matope ya Julai.

Binamu akasema, mbele ya kila mtu, kwamba upande wao utangulie kwa sababu wao wameandika nyimbo, na sisi tumefanya utani tu. "Wimbo uko na ujumbe," akasema. "Huo wenu ni mzaha wa wasichana wakienda mtoni."

Manze, iliniuma. Nikachukua besi yangu nikaenda nyumbani. Siku mbili sikujibu simu.

Katika hizo siku mbili ndipo nikakumbuka Chemirocha.

Kama hujawahi kusikia, subiri nikupeleke Kapkatet. Kutoka Litein ni dakika chache tu kwa matatu, barabara ya kwenda Sotik. Mwaka wa 1950 alifika huko Mwingereza mmoja anaitwa Hugh Tracey, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika akirekodi muziki. Hakuwa na studio. Alikuja na mashine zake kwenye gari, jenereta ikawekwa mbali ili isisikike, maikrofoni akaishika mkononi mwenyewe, akaisogeza karibu na huyu, akaiondoa kwa yule. Kama kuna kitu kinaweza kuitwa rekodi ya gereji, ni hicho. Tofauti ni kwamba hakukuwa na paa.

Miongoni mwa alizorekodi kuna wimbo wenye jina hilo, Chemirocha, na haukuwa mmoja. Ziko tatu, ziliandikwa kwa namba: I, II na III. Jina moja, eneo moja, safari moja, lakini waimbaji na mitindo tofauti. Kwangu mimi hiyo ni rekodi ya kugawana, miaka mingi kabla hatujazaliwa, hapa hapa kwetu kwenye majani chai.

Na Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers. Mmarekani, mzaliwa wa Mississippi, aliyefanya kazi kwenye reli kabla ya kuwa nyota wa muziki wa kantri. Alianza kurekodi mwaka wa 1927, na alifariki mwaka wa 1933 kwa ugonjwa wa kifua kikuu akiwa na miaka 35 tu. Hakuwahi kukanyaga Kericho. Sauti yake ndiyo iliyokuja, ndani ya santuri. Inasimuliwa kwamba wamisionari Waingereza walikuwa na gramafoni, wakawachezea watu santuri zake, na watu wakalishika jina lake kwa masikio ya Kikipsigis. Jimmie ikawa Chemi. Rodgers ikawa rocha. Ukijua majina yetu utacheka, kwa sababu Che- ndio mwanzo wa majina mengi ya kike: Chelangat, Cherono, Chemutai. Jamaa wa reli akapewa jina ambalo lingemfaa dada yangu.

Sasa hebu tusikilize pande mbili. Nyimbo ziko mtandaoni, andika tu hilo jina.

Anza na wanaume. Chemirocha I ni ya Bekyibei arap Mosonik akiwa na Cherwo arap Korogem. Kuna chepkong', ala ya kamba ya Wakipsigis. Kama umezoea nyatiti ya Wajaluo, hao ni ndugu. Kamba zinanguruma na kurudia, zinarudia tena, na juu yake sauti ya mwanamume inatembea bila haraka, karibu na kuongea. Ni mtu anakueleza habari. Jina Chemirocha kwao halikubaki kuwa la mwimbaji mmoja tu, likawa jina la kila kitu kigeni na kipya kilichofika. Na fikiria ni vitu vingapi vigeni vilikuwa vimefika kufikia 1950. Kampuni kubwa za chai zilikuwa zimeanza kupanda Kericho miaka ya 1920. Watu wa ukoo wa Talai walikuwa wamehamishwa kwa sheria ya serikali ya kikoloni ya 1934, wakapelekwa Gwassi, mbali na kwao. Gramafoni ilikuwa kitu kipya kimoja kati ya vingi, na wala sio kilichoumiza.

Sasa geuza upande. Chemirocha III ni ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Hapa mwili wote wa wimbo unabadilika. Sauti ni nyepesi, ziko juu, Chemutoi anaongoza na wenzake wanaingia kama upepo kwenye mlango ulioachwa wazi. Kabla hujakaa vizuri wimbo umeisha. Tracey aliandika maelezo ya maneno yao: Chemirocha amekuwa nusu mtu, nusu mnyama, ana miguu ya swara, na wasichana wanamhimiza acheze ule mchezo wetu wa kuruka, aruke kwa nguvu mpaka atoke ndani ya nguo zake.

Soma hapo tena polepole. Mpaka atoke ndani ya nguo zake.

Wimbo wa wasichana ndio uliosafiri. Ndio watu wa Ulaya na Marekani wameupenda, ndio umeandikwa makala. Ule wa wanaume wachache wanaujua. Ungedhani kama msichana wa bendi ya kelele ningefurahi: ona, upande wetu ulishinda! Lakini angalia ulivyoshinda. Hadithi iliyoenea ni kwamba huko msituni Kenya kulikuwa na kabila lililosikia santuri likamfanya Mmarekani kuwa mungu, nusu swara, likamwabudu. Wasichana wa Kapkatet wakageuzwa kuwa waumini. Sauti zao nyororo zikasikika kama sala.

Sala gani hiyo ya kumwambia mungu aruke mpaka abaki uchi?

Niliipeleka simu kwa kogo. Nyanya yangu alikuwa mtoto mdogo sana mwaka wa 1950, na hakuwajua hao wasichana. Nilimkuta jikoni, nikamchezea ule wa wanaume kwanza. Akatikisa kichwa kidogo kidogo, akasema huyo anajua kupiga, akaendelea kuchambua mboga. Nikamchezea wa wasichana. Akaacha mboga. Akaniambia nirudie. Mara ya pili akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa leso.

"Wanamtania huyo mtu," akasema.

"Si wanamwabudu, Kogo?"

Akaniangalia vile huwa ananiangalia nikisema kitu nimefundishwa shuleni. "Lakwani, wewe ukimwabudu mtu unamwambia avue nguo?"

Kisha akanieleza kwamba maneno mengine ni ya zamani, hata yeye hayashiki yote, lakini kicheko anakijua. Wasichana wa rika lile wakiwa pamoja, akasema, hakuna mgeni aliyepona. Walikuchunguza unavyotembea, unavyokula, unavyocheza, na jioni wewe tayari ni wimbo. Nikawaza hizo hadithi za chemosit alizotutishia tukiwa wadogo, lile jitu la usiku ambalo si mtu kamili. Watu wenye viumbe kama hivyo kwenye hadithi zao hawahitaji wamisionari wawafundishe kumtengeneza mtu nusu swara. Walijua kabisa wanachofanya. Mtu amekuja bila mwili, sauti tupu kutoka kwenye sanduku, mguu wake hujauona. Wewe ungempa miguu gani?

Halafu kogo akauliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. "Huyu msichana ni wa nani?"

Nikamwambia jina lake limeandikwa, Chemutoi Ketienya.

"Na hao wengine?"

Nikakosa jibu. Hao wengine kwenye rekodi wanaitwa wasichana wa Kipsigis. Basi.

Hapo ndipo nilielewa kilichokuwa kinaniuma tangu gereji. Mtindo mzito hupewa heshima ya kuwa na kichwa. Mwanamume akikaa na ala yake akaimba polepole, kila mtu anasema huyu anafikiria. Mtindo mwepesi, wa kucheka, wa wengi kwa pamoja, unachukuliwa kama sauti ya ndege: ni tamu, lakini hakuna anayeuliza ndege anamaanisha nini. Binamu hakuwa na nia mbaya. Alisema tu kile dunia ilisema juu ya Chemutoi, ila yeye alikiita mzaha na dunia ikakiita ibada. Wote wawili walikataa kwamba utani unaweza kuwa maoni.

Na roki ya gereji yenyewe inaijua hii shida vizuri. Mwaka wa 1963 bendi moja ya vijana wa Portland, Marekani, The Kingsmen, ilirekodi "Louie Louie," wimbo wa Richard Berry. Maikrofoni ilikuwa imening'inizwa juu, mwimbaji akalazimika kupiga kelele akiangalia dari, na maneno yakatoka yamevurugika. Wazazi wakaamua ni matusi. FBI, ndiyo, FBI ya Marekani, ikachunguza huo wimbo, na mwishowe ikakiri kwamba haiwezi kuelewa kinachoimbwa. Kumbe maneno ya Berry yalikuwa ya baharia anayemkumbuka mpenzi wake. Watu waliposhindwa kusikia, walijaza nafasi kwa woga wao wenyewe. Kwa Chemirocha walijaza kwa ndoto zao za Afrika. Kelele zikikosa mtu wa kuziuliza, kila msikilizaji hujisikia mwenyewe.

Ndio maana naona upande ule mwingine ni muhimu. Ukiusikiliza wimbo wa wasichana peke yake, ni rahisi kudanganywa kwamba ni ndoto ya porini. Ukiuweka kando ya ule wa wanaume, uongo unakosa pa kusimama. Unasikia kwamba hicho kilikuwa kijiji kinachojadili kitu kimoja kwa njia mbili. Mmoja anasema: kuna mambo mapya yamekuja, hebu tuyape jina. Mwingine anasema: sawa, limekuja, sasa liambie liruke tuone. Wanaume bila wasichana ni habari bila kicheko. Wasichana bila wanaume wamegeuzwa kuwa muujiza. Pamoja ni watu.

Kuna sehemu nyingine ya hadithi hii ambayo mtu yeyote wa majani chai ataielewa bila kufundishwa. Majani yetu yanachunwa hapa, yanakauka hapa, yanaenda mnada wa Mombasa, na yakirudi yako ndani ya pakiti yenye jina la mtu mwingine. Nyimbo zilipita njia hiyohiyo. Zilienda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki ya ILAM ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954, zikatunzwa vizuri, tusimnyime mtu haki yake. Bila yeye mimi nisingekuwa na kitu cha kumchezea kogo. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, kuzirudisha rekodi kwa watu wa huku. Wakampata hata mzee mmoja aliyekuwa amerekodiwa na Tracey akiwa kijana, wakati huo akiwa na zaidi ya miaka 80. Fikiria kusikia sauti yako ya ujana kwa mara ya kwanza ukiwa na mvi. Na fikiria wale waliokufa wakingoja, au hata wasijue kuna kitu cha kungojea.

Siku ya tatu nilirudi gereji. Sikwenda kuhubiri. Nilimwambia binamu akae kwenye tairi, nikamchezea I, halafu III, kwa ile amplifaya yake ya bonasi. Kwa wanaume akafunga macho, vidole vikaanza kutafuta zile kamba kwenye gitaa lake. Kwa wasichana akatabasamu. Nikamweleza kicheko cha kogo na zile nguo. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo yule jamaa wenu wa viatu vyeupe ndiye Chemirocha," akasema.

Hakuomba msamaha, na bado anasema mpiga ngoma wetu anakimbiza mdundo. Ni kweli anaukimbiza. Tukaongea mpaka stima zikapotea, tukaendelea kuongea gizani.

Tulichokubaliana ni hiki. Nyimbo zitapishana: wao, sisi, wao, sisi. Wimbo wao wa mashine za chai utatangulia, na wetu wa viatu utafuata mara moja, bila nafasi katikati, ili anayesikiliza apande mlima na kushuka kabla hajajua. Nami sikushinda upande A. Nimeamua naweza kuishi na hilo.

Lakini sharti langu moja lilipita bila ubishi. Majina yote yataandikwa. Sisi watatu, wao wanne, kaka aliyeshika maiki ya kuazima, na fundi aliyetuachia funguo. Hakuna "bendi ya wasichana kutoka Litein." Siku moja mjukuu wa mtu atakuwa jikoni na simu, na nyanya yake atauliza huyu ni wa nani. Nataka apate jibu.

Kwa sasa, kabla hamjasikiliza zetu, tafuteni Chemirocha. Anzeni na namba I, msirukie III. Mkifika kwa kina Chemutoi, msikilize kicheko.